Fungu la Arobaini na Nne

Kila Jumamosi, tangu theluji ilipoyeyuka mwaka 1759, Leberecht Krahnert alirudi nyumbani. Alirudi akiwa amefungwa kwenye leso, kwenye soksi, na mara moja ndani ya yai lililotobolewa na kunyonywa mpaka likabaki ganda. Mkewe Ottilie alimpokea mezani, akamsugua juu ya jiwe jeusi, akamdondoshea tone la maji makali, akaitazama rangi, kisha akamrudisha kwa mwenyewe. Leberecht alikuwa amekufa mwaka mmoja na siku kadhaa.

Kwa usahihi zaidi, kilichorudi ni alama yake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpima dhahabu wa nyumba ya sarafu, na kila sarafu ya tala tano iliyotoka humo ilikuwa na konokono chini ya bega la mfalme, mdogo kama mbegu ya haradali. Mkuu wake wa kwanza ndiye aliyemwita konokono, kwa sababu alipima mara tatu kile ambacho wenzake walipima mara moja. Leberecht hakukasirika. Alichukua kipande cha chuma cha pua, akachonga konokono kichwani pake, akalifanya tusi lile kuwa alama yake ya kazi. Mjini hapo na katika vijiji vya ng'ambo ya mto Mulde, hakuna aliyeng'ata wala kupima sarafu yenye konokono. Konokono alisema neno moja tu: nimepima.

Ndipo wakaja Waprusi. Mfalme wa Saksonia alikimbilia Warsaw, nyumba ya sarafu ikafungwa zaidi ya mwaka, na ilipofunguliwa Januari 1758 ilikuwa mikononi mwa wakodishaji waliolipa kodi kila mwezi, na kodi hiyo ikanunua unga na baruti za jeshi la Prusia. Wakodishaji walikuta chapa ya zamani ya kugongea sarafu ndani ya kabati na hawakuona sababu ya kuchonga mpya. Sarafu zao zilikuwa na sura ya mfalme aliyekimbia, mwaka 1755, na konokono. Dhahabu ya kweli ya tala tano ilikuwa ya karati ishirini na moja na kidogo. Hizi zilianza na kumi na tano, zikashuka kumi na moja, na msimu huo wa machipuko zilikuwa saba: sehemu saba za dhahabu katika ishirini na nne, nyingine zote fedha na shaba.

Ottilie hakuamini mizimu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, ameishi na mpima dhahabu miaka ishirini na sita, na alijifunza kazi ile kwa kusimama kando yake mpaka mume akaanza kumwuliza yeye rangi. Lakini hoja iliyomsumbua ilikuwa ya kazi, si ya mizimu. Alama inasema mtu fulani amepima. Sarafu ni mpya, kingo zake bado zinakwaruza kidole. Basi mtu fulani bado anapima. Aliigeuza hoja hiyo kila upande na haikuvunjika.

Jumamosi, watu wa sokoni walipoanza kuondoka, alisikia kiti cha karakana kikisogezwa. Alikwenda kutazama; kiti kilikuwa mahali pake. Akachora mstari wa chaki kuzunguka miguu yake. Jumamosi iliyofuata alikisikia tena, akaenda, na hakuna mguu uliokuwa umevuka chaki. Aliukubali ushahidi wa chaki. Kiti hata hivyo aliendelea kukisikia.

Kulikuwa pia na swali. Leberecht alikuwa amerudi kutoka kazini tarehe 11 Machi ya mwaka uliotangulia, saa nne asubuhi, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akasema kifua kimembana, akalala. Homa ya mapafu ilimmaliza kwa siku tatu. Katika siku hizo alimwuliza mkewe mara tatu, kwa sauti ya mtu anayeulizia matokeo ya kipimo: "Imevunjika?" Ottilie alimwuliza nini. Yeye alirudia swali lile lile. Siku moja baada ya maziko walikuja askari wawili, wakapindua godoro na kabati, wakitaka chuma kidogo cha marehemu. Hakujua wanachosema. Akawapa koleo mbili za karakana, nao wakaondoka nazo wakinung'unika.

Jumamosi moja ya Mei alikuja Rosine Kummerlein, muuza siagi wa kijiji cha ng'ambo, mwanamke mwenye mikono ya mwanamume na sauti ya kuitia ng'ombe. Aliweka kikapu sakafuni, akatoa fundo la kitambaa kutoka chini ya siagi.

"Bi Krahnert," alisema, "mumeo ananinyonya damu akiwa kaburini."

"Marehemu hanyonyi mtu, Rosine. Keti."

"Basi nani? Vuli ya mwaka hamsini na tano niliuza farasi wawili kwa konokono kumi. Farasi wenye meno yote, mwenzangu, si kama mimi. Sasa nataka farasi mmoja tu, nilime. Mmoja. Nimekwenda kwa mbadilisha fedha, ananiambia konokono wote ni ukoo mmoja, atanipa tala moja na nusu kwa kila mmoja. Nikamwambia, hata mama yako ungempa hivyo? Akasema mama yake hana konokono."

Ottilie alizisugua sarafu zote kumi juu ya jiwe, moja baada ya nyingine, michirizi kumi sambamba, na pembeni akasugua sindano yake ya kulinganishia. Maji makali, ambayo hula mchirizi wa dhahabu mbovu, hayakuula hata mmoja. Zote kumi zilikuwa za karati ishirini na moja na kidogo. Rosine akasema vizuri sana, sasa vaa shali twende ukamwambie. Ottilie akamweleza kwamba mbadilisha fedha atacheka: atasema jiwe ni la mwanamke, na mwanamke ni mke wa konokono. Na hata akikubali kumi hizi, hatakubali za mtu wa kesho. Konokono wema walikuwa maelfu, katika soksi na kuta za wilaya nzima, na wote sasa waliuzwa kwa theluthi ya thamani kwa sababu hakuna aliyeweza kuwatenga kwa jicho na wale waovu.

Alipokuwa akizifunga tena kwenye kitambaa ndipo alipoona. Aliiendea droo, akatoa sarafu mbovu aliyokuwa ameinunua kwa ajili ya kulinganisha, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia, kisha za Rosine. Kwenye ile mbovu, mstari mwembamba kama unywele ulitoka kwenye pembe ya konokono mpaka ukingoni. Alikuwa ameuona mara nyingi akaudhani ni mkwaruzo. Kwenye sarafu za Rosine haukuwapo hata kwenye moja. Huo haukuwa mkwaruzo wa sarafu. Ulikuwa ufa wa chapa.

Mkuu wa nyumba ya sarafu, kabla ya kukimbia, alikuwa amevunja chapa mbili kati ya tatu za 1755. Iliyobaki ni moja. Kama ufa uliingia baada ya Waprusi kuja, basi kila mtu mwenye jicho angeweza kutenga konokono wema na waovu bila jiwe wala maji. Kama uliingia kabla, mstari ule haukuwa na maana yoyote. Kilichohitajika ni tarehe.

Na tarehe zilikuwa ndani ya pipa la majivu.

Desturi ya wapima dhahabu ni hii: katika kila fungu la dhahabu linaloyeyushwa, mpima huchukua sarafu mbili. Moja huiharibu kwa kuipima. Ya pili huifunga kwenye karatasi, huandika namba ya fungu, tarehe na kipimo kwa mkono wake, hupiga lakiri, na kuitumbukiza kwenye tundu la sanduku lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja ni wake, wa pili ni wa mzee wa chama cha masonara. Sanduku hufunguliwa siku ya upimaji, mbele ya wote wawili, na mpima hujibu kwa kila karatasi. Tangu vita vianze siku hiyo haikuwahi kufanyika. Leberecht alilileta sanduku nyumbani chini ya koti ile siku aliyougua, akalifukia kwenye pipa la majivu ya mifupa, yale yanayofinyangiwa vikombe vya kupimia, akamwambia Ottilie likae humo mpaka siku ya upimaji. Askari waliokuja baada ya maziko hawakutaka kutia mikono humo.

Ufunguo wa pili alikuwa nao Tobias Quellmalz, mzee wa masonara, mtu wa miaka sabini aliyevaa miwani kwenye paji la uso na kuitafuta mifukoni. Alikuja Jumatatu mchana. Ottilie angeweza kuvunja kufuli moja na kuchungulia kabla ya kumwita. Ufunguo mwingine alikuwa nao. Hata haikumjia akilini. Sanduku halifunguliwi na mtu mmoja.

Quellmalz alifurahi. Alisema kuna watu wapumbavu mjini wanaomchanganya Leberecht na uchafu huu, ilhali kila mwenye akili anajua uchafu ulianza baada yake. Leo wataziba midomo yao. Ottilie pia aliamini hivyo. Aliamini kama anavyoamini uzito wa mizani ya shaba aliyoisawazisha mwenyewe.

Walizipanga karatasi mezani kwa namba. Zilikuwa arobaini na tatu. Thelathini na moja za kwanza zilikuwa za mwaka 1755, mwandiko mdogo ulionyooka, kipimo kile kile: karati ishirini na moja na punje nane, yaani na theluthi mbili ya karati. Waliifungua moja katika kila tano, wakazitazama kwa kioo. Hakuna ufa. Quellmalz alikuwa akisema vizuri, vizuri, huku akikunja karatasi.

Ottilie alichukua ya thelathini na mbili. Tarehe ilikuwa 9 Januari 1758. Mwandiko ulikuwa ule ule, haukutetemeka. *Karati kumi na tano. Mchanganyiko mgumu. Chapa imepata ufa baada ya sarafu mia mbili hivi, imefungwa pete ya chuma.* Ndani kulikuwa na sarafu, na kwenye sarafu konokono, na kwenye pembe ya konokono unywele.

Walizifungua nyingine kumi na moja. Kumi na tano. Kumi na tano. Kumi na nne. Ya arobaini na tatu, mapema Machi, ilikuwa kumi na moja. Kila moja na ufa. Kila moja imepimwa mara tatu, maana aliandika vipimo vyote vitatu. Alikuwa amepitisha mafungu kumi na mawili ya dhahabu mbovu, akaweka alama yake juu yake hadharani, kisha, kwa kuwa ndivyo afanyavyo mpima, akatia sandukuni ushahidi kamili wa kosa lake. Mtu mwingine yeyote angezichoma karatasi zile. Mpima dhahabu hawezi. Fungu lisilo na karatasi kwake ni sawa na fungu lisilokuwapo.

Ottilie alijikuta akitafuta kosa kwenye tarehe. Hakulipata.

Quellmalz ndiye aliyezungumza kwanza, akitazama dirishani. "Bi Krahnert, macho yangu ni mabovu siku hizi. Inawezekana sijaona kitu."

"Miwani yako iko kwenye paji la uso, Bwana Quellmalz."

"Najua ilipo."

"Tukilifunga, Rosine Kummerlein analipwa tala moja na nusu. Na wenzake wote."

"Na tukilifungua Leberecht anakuwa mwizi. Nililibeba jeneza la mtu yule, begani hapa."

"Hakuiba. Alipitisha. Andika alichofanya, usiandike zaidi."

"Watu hawaoni tofauti hiyo."

"Najua," alisema Ottilie. "Na uandike zile mia mbili. Kuna mbovu kama mia mbili zilizotoka kabla ya ufa. Hizo atakayezitilia shaka azilete, nitazisugua bure."

Quellmalz aliivuta miwani chini, akaandika. Hawakubandika tangazo popote. Waprusi walikuwa wametoa amri kwamba konokono wote wapokewe kwa tala tano, na kusema kinyume kulikuwa na jela. Quellmalz alizichukua karatasi ndani ya koti, akawaonyesha masonara na wabadilisha fedha mmoja mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Walikuwa watu wasioamini mdomo wa mtu, lakini mwandiko wa Leberecht waliujua kama wanavyoujua mlango wa kanisa. Baada ya juma moja ilitosha mtu kusema "tazama pembe," na sarafu ikapelekwa dirishani. Konokono mzima: tala tano, na wengine walitoa zaidi. Konokono mwenye ufa: tala moja na nusu, kisha moja na robo.

Rosine alinunua farasi. Alimpitisha mbele ya dirisha la Ottilie makusudi, farasi wa kahawia mwenye jicho moja, akasema jicho moja linamtosha, shamba lake lina upande mmoja tu wa maana.

Mji ulimlipa Ottilie kwa upande mwingine. Jumapili ya kwanza ya Juni Ottilie alikuta kibati cha shaba kwenye kiti chao cha kanisani kimekwaruzwa kwa msumari, jina la Krahnert limetoka nusu. Aliketi hapo hapo. Muuza mkate aliyempa mkono miaka yote akahamia benchi la nyuma. Hakuna aliyemtukana, walisema tu, kwa sauti ya kutosha, kwamba kumbe konokono alikuwa na njaa kama wengine. Mafungu yalikuwa kumi na mawili. Alikuwa amehesabu mwenyewe.

Quellmalz alikuwa amemrudishia sanduku tupu. Jumatatu asubuhi alilifuta akaamua kulirudisha lilipokuwa, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuliweka. Pipa lilikuwa limejaa majivu yaliyoporomoka kwenye shimo la zamani. Akakunja mkono wa gauni na kuyachimba. Chini kabisa, chini ya mahali sanduku lilipokuwa limekaa, vidole vyake viligusa karatasi.

Ilikuwa karatasi ya aina ile ile na lakiri ile ile, nyembamba na ndefu kama kidole cha shahada, na nzito mno. Alipuliza majivu. *Fungu la 44. 11 Machi 1758. Sikupima.*

Hakumwita mtu. Aliivunja lakiri peke yake, na hilo lilikuwa jambo la kwanza la aina hiyo kulifanya maishani mwake. Ndani kulikuwa na kipande cha chuma cha pua. Alikigeuza kichwa kwenye mwanga. Konokono alikuwa pale, akitazama upande ule ule wa sarafu kama inavyopaswa, gamba lake limejikunja vizuri, pembe mbili, hakuna ufa. Huyu ndiye alikuwa mzazi wa konokono wote. Chapa huchongwa upya kila ikichakaa, sura ya mfalme anaweza kuichonga fundi yeyote mwenye mkono, lakini konokono hugongwa juu ya chapa hiyo kwa chuma hiki, na bila hiki hakuna konokono mpya.

Aliketi kwenye kiti cha karakana, ndani ya duara la chaki, akapanga mambo kwa tarehe. Tarehe 11 Machi walimletea fungu la arobaini na nne. Hakulipima. Alichukua sanduku na chuma chake, akatoka navyo saa nne asubuhi chini ya koti, akipita mbele ya walinzi. Kifua kilimbana baadaye, au kilimbana kweli wakati ule ule; hilo haliwezi kujulikana. Aliwaachia chapa moja tu, iliyopasuka, yenye pete ya chuma, na dhahabu ngumu ya kuipiga. Akalala akasubiri. Alipouliza kama imevunjika, alikuwa anauliza kuhusu chapa.

Ottilie alivaa shali na kutoka. Alikuwa na karatasi mfukoni, na alitembea haraka kuliko ilivyofaa kwa mwanamke wa umri wake, kuelekea nyumba ya Quellmalz. Kumi na mawili alipitisha, la kumi na tatu alilikataa; waandike na hilo, ni haki ya hesabu. Alifika katikati ya daraja ndipo miguu ilipopunguza mwendo.

Quellmalz angefurahi mpaka kulia. Angewaambia masonara, kwa upendo, nyuma ya mlango uliofungwa. Masonara wangewaambia wake zao. Baada ya juma moja askari wangerudi, na safari hii wasingetosheka na koleo. Wakiwa na chuma hiki wangechonga chapa kumi, konokono wote wazima wa pembe, na siku hiyo ufa usingemwambia mtu chochote. Soksi zote za wilaya zingerudi kwenye theluthi. Angeweza kukitupa mtoni hapo hapo, kisha aseme. Lakini nani angeamini karatasi tupu yenye neno "sikupima," bila kitu ndani, kutoka mkono wa mjane? Yeye mwenyewe asingeiamini.

Maji ya Mulde yalikuwa ya kahawia, yamebeba majani. Aligeuka akarudi nyumbani, akakifunga chuma kwenye karatasi yake, akakifukia kilipokuwa.

Walikuja mwezi Agosti. Hawakuwa askari safari hii. Aliyetumwa alikuwa karani wa wakodishaji, kijana aitwaye Sigismund Plötz, mwenye wigi safi na adabu nyingi. Alikataa bia, akakubali kiti. Alieleza bila kificho kwamba mjini kuna wivu dhidi ya sarafu zao kwa sababu ya dosari ndogo ya pembe. Walijaribu kuiga alama. Fundi wao alimchonga konokono ambaye gamba lilijikunja kinyume, na muuza samaki wa chumvi akamrudishia mtu wao sarafu usoni akisema konokono huyu anatembea kinyumenyume. Kwa hiyo wanatafuta chuma cha asili. Watatoa tala mia mbili. "Za zamani," aliongeza, akitabasamu kidogo, "si zetu."

Ottilie alisema askari walikwisha kuchukua vyuma vyote vya marehemu.

"Walichukua koleo, Bi Krahnert. Nimeziona. Ziko kwenye moto wetu." Alilainisha sauti. "Sielewi unamlinda nani. Mumeo alikuwa mtu wetu. Mafungu kumi na mawili bila kelele. Mji mzima unajua, na nasikia ni wewe uliyewaambia."

Mkono wa Ottilie ulikuwa juu ya meza. Pipa lilikuwa nyuma ya kiti cha kijana, hatua mbili. Jibu lilikuwa humo, lenye tarehe, na lingemfuta tabasamu. Aliliona neno likijipanga mdomoni kama karatasi mezani.

"Ndiyo," alisema. "Alikuwa mtu wenu."

Plötz aliinama, akavaa kofia. Mlangoni alipangusa kiwiko cha koti. Majivu ya pipa yalikuwa yamemgusa. Akauliza ni unga gani huo. Ottilie akamwambia ni mifupa.

Tangu siku hiyo alifanya kazi moja zaidi. Kila sarafu mbovu iliyopita mezani pake aliiweka chini ya kioo na kuupima ufa. Mwezi Agosti ulikuwa bado unywele, kutoka pembe hadi ukingoni. Septemba ulikuwa umeingia kichwani mwa konokono. Oktoba uliligawa gamba na kuanza kupanda kwenye bega la mfalme. Watu waliomletea sarafu walidhani anafanya uangalifu wa kawaida. Wengine hawakumsalimu, waliweka sarafu mezani na kutazama ukuta. Naye alipima, akawaambia, akaandika kwenye daftari tarehe na urefu wa ufa kwa upana wa unywele. Jumamosi jioni ya soko kiti kilisogea. Hakwenda tena kukitazama.

Jumamosi ya tatu ya Novemba, mchana, Rosine aliingia na ubaridi wake, akagonga viatu kwenye kizingiti. Alikuwa ameuza jibini kwa mpishi wa kikosi na amelipwa sarafu mpya ya dhahabu, nayo hakuielewa. Aliitafuta pembe, hakuiona. Alimtafuta konokono, hakumwona pia.

Ottilie aliipeleka kwenye mwanga. Sura ya mfalme ilikuwa nyingine, pua imekuwa fupi. Mwaka ulioandikwa ulikuwa 1758. Chini ya bega palikuwa patupu, laini, bila alama ya mtu yeyote. Aliisugua kwenye jiwe. Mchirizi ulikuwa mwekundu, na maji makali yaliula karibu wote.

"Saba," alisema. "Pungufu ya saba. Usipokee tena za namna hii, hata kwa jibini lililooza."

"Jibini langu halijawahi kuoza. Na konokono yuko wapi?"

"Chapa yake imekwisha. Hawana nyingine."

Rosine aliifunga sarafu kwenye leso. Alisimama kidogo, akitafuta jambo la hisani la kusema, kwa maana alikuwa na farasi kwa sababu ya nyumba hii. "Basi na apumzike," alisema. "Mungu amsamehe mumeo. Alikuwa dhaifu, lakini hakuwa mbaya."

Ottilie alimwangalia mwanamke yule, mikono yake iliyopasuka kwa baridi, kikapu chake. Vita vilikuwa bado vinaendelea na karani Plötz alikuwa bado mjini.

"Nikupimie na hizo nyingine?" aliuliza.

Hapakuwa na nyingine. Rosine alipoondoka, Ottilie alisuuza jiwe, akalikausha, akafunga chupa ya maji makali. Aliingia karakana. Kiti kilikuwa ndani ya duara lake. Alisubiri mpaka sauti za soko zilipokwisha na gari la mwisho likavuka daraja, na kiti hakikusogea. Akakunja mkono wa gauni, akauzamisha kwenye majivu mpaka kwenye kiwiko, akaigusa karatasi bila kuitoa.

"Imevunjika," alisema, akausafisha mkono, akaenda kuandika tarehe.